Chokaa Niliimwaga Mimi, Akafukuzwa Mzee Shomari

Nilikosa. Sina namna nyingine ya kuanza. Nilifanya uzembe wa dakika chache, kisha nikasema uongo wa maneno machache, na mzigo wake akaubeba mtu mwingine.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa mfanyakazi katika hoteli moja ya ufukweni, njia ya kutoka Dar kwenda Bagamoyo. Meneja, Mzungu aliyependa sana viumbe vya bahari, alijenga tangi kubwa la kioo pale sebuleni. Akalijaza maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai. Wageni walisimama mbele yake mpaka chai zao zikapoa.

Aliyeyatoa matumbawe yale baharini ni Mzee Shomari wa Bagamoyo. Tangu ujana wake alikuwa akizamia majongoo bahari. Meneja akamwajiri alitunze tangi, na mimi nikawekwa kumsaidia. Mzee alishukuru mno, maana masikio yalikwisha anza kumuuma. Aliniambia, "Mwanangu, Mungu kanitoa majini kabla maji hayajanimaliza."

Kwa joto lile maji ya tangi yalipungua kila siku. Tuliyaongeza kwa maji ya mvua yaliyotiwa chokaa, kwa kuwa matumbawe hujijenga kwa chokaa. Mzee alikuwa akipima vijiko, anakoroga ndani ya chupa kubwa, anafunika. Weupe ukishazama wote, tulichota yale maji maangavu ya juu tu, tukayatia kwenye ndoo iliyokaa juu ya tangi. Yakashuka kwa mpira mwembamba, tone moja moja, mpaka asubuhi.

"Maji haya makali," alinifundisha. "Yakidondoka yanalisha. Yakiingia kwa pamoja yanaua."

Kwa hiyo nilijua. Msije mkanionea huruma mkadhani sikujua.

Siku moja kulikuwa na harusi ya binamu yangu Bagamoyo, na lori la kunichukua lilikuwa likiondoka alasiri. Mzee alikuwa amekwisha pima na kukoroga. Akaniambia, "Mimi nakwenda kuswali, kisha narudi nyumbani. Wewe ngoja itulie, ndipo udondoshe."

Sikungoja. Nje dereva alikuwa akipiga honi. Nikaimimina chupa nzima kwenye ndoo, nyeupe kama maziwa, nikafungua kibanio cha mpira mpaka mwisho. Ndoo ikaisha mara moja. Nikaisuuza, nikairudisha mahali pake, nikakimbilia lori. Nilijiambia chokaa ni ile ile, iende polepole, iende haraka.

Asubuhi niliporudi kutoka harusini nilimkuta Mzee amekunja mikono ya kanzu, anatoa samaki waliokufa mmoja mmoja na kuwalaza kwenye sinia. Maji yalikuwa kama tui. Matumbawe yalikuwa yakichunika kama ngozi iliyoungua, na sebule nzima ilinuka.

Meneja akauliza, "Nani alipima chokaa?"

"Mimi," Mzee akajibu.

Meneja akanigeukia. "Na wewe ulifanyaje?"

"Nilingoja ikatulia, bwana. Nikadondosha kama kawaida."

Mzee aliniangalia. Laiti angeniangalia kwa shaka. Aliniamini, kisha akatazama vidole vyake. "Basi labda nimekosea vijiko," akasema. "Macho yangu siku hizi..."

Alifukuzwa siku ile ile. Tangi likaoshwa, likajazwa upya, kazi nikaachiwa mimi.

Yeye akarudi kuzamia majongoo, kwa umri ule. Na mimi, mtu nisiye na haya, mwaka uliofuata nikamposa binti yake, Mwanahawa. Mzee akanipa bila kusita. Alisema ananijua, tumefanya kazi pamoja.

Baada ya miaka miwili masikio yakatoka damu, akawa hasikii ila umpigie kelele. Lakini kilichonitesa zaidi ni kitu kingine. Hakupima tena kitu kwa mkono wake. Hata chokaa ya tambuu alimwomba mkewe ampakie, akisema yeye ataharibu. Mkewe alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nikiinuka, natoka nje.

Mwishowe nikashindwa. Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda kwake, nikaketi karibu naye barazani. Mwanahawa na mama yake walikuwa uani wakipepeta mchele.

"Baba, nina jambo," nikamnong'oneza.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Sisikii."

Nikarudia. Akatikisa kichwa, akanisogezea sikio. "Sauti."

Ikabidi nipige kelele. "Baba, lile tangi nililiharibu mimi! Sikungoja chokaa itulie! Nilimwaga yote, nikasema uongo!"

Huko uani ungo ulinyamaza.

Mzee akavitazama vidole vyake. Kisha akasema, "Kumbe si mimi." Akarudia, kama mtu anayejifunza neno. "Kumbe si mimi. Vijiko vyangu vilikuwa sawa." Machozi yakamtoka. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni. "Miaka minne," akasema, "kila ukija hapa unamwamkia baba yangu shikamoo, naye anakuitikia marahaba."

Hakurudi nyumbani nami siku ile wala siku nyingine. Alidai talaka yake, nikampa. Mwaka uliofuata Mzee alifariki. Nilikwenda mazikoni, nikatembea nyuma kabisa ya jeneza. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyenipisha nikalishike.

Wewe unayesoma haya, kama kuna mtu anayejilaumu kwa kosa lako, usisubiri upate ujasiri, maana mimi niliusubiri miaka minne na haukuja. Nenda leo, maadamu bado unaweza kumwambia kwa sauti ya chini.