Bafu la Bwana Mtihani

Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu alitaka kigae kimoja. Si boksi, si nusu boksi. Kimoja. Nauza vifaa vya ujenzi, nilianza kwa kupima misumari kwa kopo la maziwa, na sijawahi kuona mtu akinunua kigae kimoja isipokuwa chake kimevunjika. Nikamwuliza kama anataka kukitundika ukutani kama picha ya harusi. Hakucheka.

"Ni cha kumpimia fundi, mama. Fundi haajiriwi kwa maneno."

Akakipigania bei kigae kile kama anayenunua kiwanja. Nami nikamwuzia chenye rangi ya chai iliyomwagika, kilichokaa stoo muda mrefu bila mchumba.

Bwana huyu alikuwa amestaafu kazi ya kusimamia mitihani. Ujana wake aliumaliza akipita kati ya madawati, mikono nyuma, shingo mbele, akitafuta nani anamwibia nani jibu. Kazi ikaisha, mwendo ukabaki. Hata dukani alipita vivyo hivyo kati ya ndoo za rangi, akizikazia macho zisije zikanong'onezana. Baadaye mafundi walimbandika jina la Bwana Mtihani, na sijui kama jina lake jingine liliwahi kumfaa zaidi.

Shida aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Mama yake mzazi aliishi kwake, na bafu la nyumba ile lilikuwa na choo cha kuchuchumaa. Magoti ya bibi yalikuwa yameshagoma kuchuchumaa. Akawaambia wanawe wawili, bila kupandisha sauti, kwamba mvua zikianza atakaa kwa mwenye choo cha kukalia. Mdogo mtu, mfugaji wa kuku, alijibu kwamba mama akija leo, choo kitawekwa leo. Bwana Mtihani alikuwa kifungua mimba. Mama ahamie kwa mtu wa kuku na yeye yu hai? Uso wake angeuweka wapi?

Kwa hiyo akaanza kutafuta fundi. Mwingine angeuliza majirani, akaenda kuangalia kazi ya mtu, wakapatana, nyundo ikalia. Huyu alitunga mtihani. Kila fundi aliyekuja alionyeshwa bafu, akaombwa afanye kipande kidogo, bure, ili mkono wake uonekane. Mwashi alivunja sakafu ya kona ya dirishani akaisakafia upya. Fundi vigae akapanga vigae mlangoni. Fundi bomba akapitisha mabomba na kutengeneza sakafu pale chini ya bomba la mvua. Kila mmoja alipomaliza, mzee alisimama mikono nyuma, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Nitakuita." Kisha, kabla ya mwingine kufika, aliifunika kazi ya aliyetangulia kwa magunia, ili anayefuata asiigilizie.

Nilimwelewa mapema, maana hakuna anayempima fundi kwa maboksi. Kigae kimoja kikawa vinne, vinne vikawa boksi, na kila boksi nilimpa lile nililotaka liondoke stoo. Mkono wa birika ule ulidhani umejipatia bafu zima kwa majaribio. Sikumwambia neno. Ushauri hauna bei, na kisicho na bei sikiweki rafuni.

Mafundi husubiri kazi kwenye benchi nje ya duka langu. Asubuhi moja fundi bomba akawa ananung'unikia mzee mmoja aliyeahidi kumwita. Mwashi akamgeukia.

"Yule wa mikono nyuma?"

"Huyo huyo. Kumbe na wewe! Ulifeli kona gani?"

"Ya dirishani."

Fundi vigae akaweka kikombe chini. "Mimi ya mlangoni. Kwa hiyo chini ya yale magunia ilikuwa ni kazi yenu?"

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka benchi likalia. Bafu lote limekwisha, na aliyeajiriwa hayupo. Mwashi alitaka waende wakamdai siku hiyo hiyo. Fundi bomba akamtuliza.

"Mwache. Kila mmoja wetu ameinamisha sakafu kwa anavyojua yeye. Siku atakayomwaga ndoo, maji yatatuita yenyewe."

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mzee akaja kuchukua choo cha kukalia. Alibana bei mpaka nikakubali kumpelekea bure, ila hakutaka kulipa kabla hajakiona kimekaa. Nikafuatana na mkokoteni mwenyewe. Mtu kama yule anaweza kusema kimefika na ufa. Tulimkuta bibi ameketi kwenye kiti koridoni. Mtu wa kuku naye alikuwepo, amevaa viatu safi, ameitwa aje ashuhudie kushindwa kwake. Kaka mtu akatoa hotuba kwamba fundi bora kuliko wote ni yule anayejua kuchagua mafundi. Kisha akamwaga ndoo ya uzinduzi.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mafundi wengi, maji huenda sebuleni. Yalielekea dirishani, yakaghairi. Yakazunguka katikati kama mgeni aliyepotea njia, halafu yakauona mlango. Yakapita chini ya kiti cha bibi, yakashika koridoni, yakauingia mkeka wa sebuleni. Tundu la kutolea maji lilibaki kavu, likitazama.

Bibi aliinua miguu kidogo ili yapite.

"Mwanangu," akasema, "hata maji yamekataa kukaa kwako. Mimi nani?"

Mzee akasema ni marekebisho madogo tu, siku chache.

"Rekebisha, baba. Magoti hayasubiri." Akampa mkono mdogo mtu, akainuka.

Choo kilikuwa bado mlangoni juu ya mkokoteni. Mtu wa kuku akaniuliza ni cha nani. Nikamjibu ni cha anayelipa. Akalipa bila kubishana, mkokoteni ukageuzwa.

Kesho yake Bwana Mtihani alikuja mwenyewe kwenye benchi, mikono safari hii ikiwa mbele. Hakuna aliyesimama kumpisha. Mwashi akamwambia sakafu yote itavunjwa, watafanya watatu kwa pamoja, na malipo yatatangulia nyundo. Mzee akaomba waanze na kona moja, aone.

"Mzee wangu," fundi bomba akamwambia, "mtihani wa marudio una ada."

Akalipa. Wale watatu walirudishiwa jasho lao la kwanza ndani ya bei ya pili. Mimi nilipoteza nauli ya mkokoteni, nikauza vigae vya sakafu moja mara mbili, na vyoo viwili badala ya kimoja. Hicho cha pili, mzee aliuliza kwa nini bei imepanda. Nikamwambia haijapanda kwa wote.

Sasa ana bafu zuri kuliko yote mtaani, kavu, tone likianguka linajua pa kwenda. Kila Jumapili huenda kwa mdogo wake kumsihi mama aje japo kuliona. Bibi humsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Nitakuita," humwambia.