Maji ya Miguu ya Joash

Shida ya Mwalimu Joash Omwenga ilianzia darasani, kule Kebirigo, mwaka wa 1973, alipowaeleza kidato cha nne jinsi wanasayansi wanavyodhani uhai ulianza. Dunia ilikuwa changa, alisema, bahari ina joto, radi zinapiga bila kupumzika, na humo majini chembe zisizo na uhai zikashikana kidogo kidogo hadi kikatokea kitu kinachoweza kuzaa mfano wake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona bahari. Basi akawaambia waifikirie kama sufuria kubwa ya supu isiyo na mpishi.

Hayo maneno "isiyo na mpishi" ndiyo yaliyomponza. Kufikia Sabato yalikuwa yameshafika kanisani Gesima.

"Mwalimu wa samaki!" vijana walimwita sokoni, kana kwamba alifundisha kuwa watu walitokana na samaki. "Mapezi umeyaacha wapi?"

"Kwa babu yako. Ananitunzia."

Nyumbani hakuwa na mzaha. "Mama Loice," alimwambia mkewe, Kemuma, "niliteleza. Mpishi yupo. Nilitaka tu waione sufuria."

"Si umwambie kaka yako hivyo?"

"Nimemwambia. Anataka nisimame kanisani niseme somo lote ni uongo. Mimi sijui kama ni uongo. Nitasemaje?"

Kaka huyo, Obwocha, alikuwa mzee wa kanisa. Kila robo ya mwaka, kabla ya meza ya Bwana, waumini huoshana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Tangu wabatizwe, ndugu hao wawili walioshana wenyewe kwa wenyewe. Hata mwaka walipogombania mpaka wa shamba, beseni liliwapatanisha.

Robo hiyo Kemuma alipotoka upande wa wanawake, alimwona mumewe kwenye benchi, suruali imekunjwa, beseni mbele yake. Obwocha alipita na taulo, akapiga magoti mbele ya mtu mwingine. Wengine wakainamia vidole vyao. Joash alingoja hadi maji yakapoa, akavaa soksi, akatoka kabla ya mkate.

"Ataniosha robo ijayo," alisema njiani. Kemuma akalifanya hilo kuwa ombi lake la kila asubuhi.

Lakini mvua zilipoanza, Joash alishikwa na homa ya mapafu. Akatuma mtu amwite kaka yake. Jibu likarudi kwamba Obwocha atakuja siku mdogo wake atakapotubu. Kila mbwa alipobweka, Joash aliuliza, "Ni yeye?" Kemuma akawa anatoka kuangalia, na kurudi peke yake.

Alifariki Alhamisi, kukipambazuka. Kabla umande haujakauka, Obwocha alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani.

"Shemeji, nimekuja kumwosha."

"Leo?" Kemuma alisema. "Miguu hii imekungoja ikiwa na joto, Obwocha. Ikashindwa."

Obwocha alilishusha taulo begani, akabaki pale mlangoni. Kemuma alitaka kumfukuza, na neno la kumfukuzia alikuwa nalo mdomoni. Lakini Joash alikuwa amemngoja mtu huyu, si mwingine. Akaenda jikoni, akapasha maji moto, akayamimina katika beseni na kulitua chini kando ya kitanda.

"Anzia miguuni," alisema.

Kisha akatoka, akapiga magoti nyuma ya nyumba kuomba moyo wa kusamehe. Alimsikia Obwocha akilia ndani, akasikia maji yakimwagwa, na bado alikuwa anaomba.