Siku Diana Alipofundishwa Kuteleza

Kila anapotaka kutoka, hata kama anakwenda kununua misumari duka la pili, Mjomba Eliezeri huaga. Huweka randa mezani, hujipangusa vumbi la mbao, kisha huwapitia watu waliopo karakanani mmoja mmoja. Humuaga mteja aliyekaa kwenye benchi. Humuaga Hamdani, anayeuza chai mlango wa jirani. Akimkuta mtoto wa mtu anachezea maranda sakafuni, huchuchumaa mpaka macho yao yalingane.

"Natoka kidogo. Nakwenda pale kwa Zaituni, narudi sasa hivi. Umesikia?"

Husubiri mtoto aitikie. Asipoitikia, hatoki.

Hapa Same mjini wameshamzoea, ila Hamdani hamwachi.

"Fundi, choo kiko hapo nyuma. Hata huko lazima utuage?"

"Nimeshakuaga, Hamdani."

"Na ukifika utatuletea salamu?"

"Nikichelewa uje unitafute."

Watu hucheka, naye hucheka kidogo, kisha huenda zake.

Mama yangu na yeye ni watoto wa ndugu, ndiyo maana namwita mjomba. Mengi ya haya alinisimulia mwenyewe, likizo moja niliyokaa kwake, huku akipiga msasa vitanda vya watu. Machache aliniambia mama.

Alianza useremala kwenye karakana ya shamba la mkonge, huko bondeni, akitengeneza milango ya nyumba za vibarua waliotoka kila pembe ya nchi. Kisha shamba likabadilisha wenyewe, na wafanyakazi wakapunguzwa. Miaka ile kila mtu alilijua neno hilo, kupunguzwa, kana kwamba watu ni sukari iliyozidi kwenye chai. Zamani ulikuwa na fedha yako kidogo, ukazunguka kutafuta sabuni usiione. Sasa sabuni ilipangwa dukani rangi kwa rangi, na watu walipita wakiitazama.

Eliezeri alirudi kwao Mamba, milimani, na mkewe Redempta na watoto wawili, Wilson na Diana. Walilima mahindi na tangawizi. Wanunuzi wa tangawizi walikuja na magari yao na bei yao, na ukikataa waliondoka, ukabaki na gunia lako linaota. Mwaka uliofuata Redempta alifariki akijifungua, yeye na kichanga chake. Na mwaka uliofuata huo, mvua za vuli hazikunyesha, hata kule juu ambako watu wa Makanya, kule tambarare kwenye ukame, hupatazama kwa wivu wakiona mawingu.

Uji ulizidi kuwa mwepesi. Wilson alikuwa na miaka minane, alikuwa ameanza kujitafutia: mara pera, mara muhogo kwa rafiki. Diana alikuwa wa miaka minne. Miguu ilianza kumvimba, na nywele zake zikageuka rangi ya nyuzi za mahindi. Mama yake Eliezeri, Bibi Eliwaza, alimtazama mjukuu wake asubuhi moja, akasema, "Mwite Doris."

Doris ni dada yake Eliezeri, aliyeolewa na fundi wa reli Tabora. Hakujaliwa mtoto. Alikuja na kanga mpya na mkate, akakaa siku chache, akasema yuko tayari kumchukua Diana. Wilson abaki, kwa sababu baba hawezi kuachwa bila mtu. Diana akale, akasome, akawe mtoto wa Tabora. Eliezeri alikubali. Kilichobaki kilikuwa namna ya kuondoka, maana tangu mama yake afe, Diana alikuwa halali bila kushika sikio la baba yake.

"Mtoto haagwi," alisema Bibi Eliwaza. Hivyo ndivyo walivyofanya wote pale, tangu zamani. Mama akienda sokoni hutoka kwa mlango wa nyuma. Baba akirudi kibaruani huondoka mtoto akiwa kwenye mchezo. "Ukimuaga unamfungulia kilio. Mchezeshe, asahau, gari lipite."

Na mchezo ulikuwepo.

Miezi michache nyuma, kanisa lao lilikuwa limeletewa makasha ya mitumba na marafiki wa ng'ambo. Makoti yalikuwamo, glavu nene kama mito, na ubao mmoja ambao hakuna aliyejua ni wa nini. Ulikuwa mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, laini kama sinia, ncha zake mbili zimepinda juu, na katikati mikanda miwili. Kwenye mnada baada ya ibada mchungaji aliuinua, watu wakautazama. Mmoja alisema ni wa kupigia pasi. Mwingine alisema ni wa kubebea wagonjwa, wagonjwa wa huko ni wembamba. Mchungaji, aliyewahi kuona picha kwenye kalenda, ndiye aliyeeleza: huko kwao theluji hujaa milimani, na watoto husimama juu ya ubao kama huu wakateremka nao.

"Wakateremka wanakwenda wapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Hawaendi popote. Wanapanda tena."

Kanisa zima lilicheka. Hakuna aliyetaja bei. Mchungaji akamkabidhi Eliezeri. "Chukua, fundi. Usipokuwa kabati utakuwa mlango."

Eliezeri hakuufanya kabati wala mlango. Aliuegemeza ukutani na mara moja moja aliupapasa, akishangaa walivyoupinda bila kuupasua. Watoto walimsumbua, naye aliwaambia wangoje mvua ziloweshe majani. Mvua haikuja. Lakini ile asubuhi ya kuondoka, kulikuwa na ukungu mzito juu ya mlima, na nyasi zilikuwa zimeloa umande mpaka ukizikanyaga zinakuangusha. Aliubeba ubao begani, akamshika Diana mkono, Wilson akatangulia, wakaenda kwenye mteremko ulio juu ya barabara, ambako mbuzi walikuwa wamezipunguza nyasi zikawa fupi.

Wilson ndiye aliyejaribu kwanza. Alikuwa bingwa wa kuteleza kwa kukalia gome la mgomba, na alidhani ubao wa wazungu ni kitu hichohicho. Alisimama, akaenda hatua tano hivi, ubao ukamwacha, akakaa kwa makalio.

"Ubao umemkimbia mwenyewe," alisema baba yake.

"Wenyewe si wale wazungu? Unawatafuta."

Diana alicheka mpaka akakohoa. Eliezeri aliniambia hajawahi kukisahau kile kikohozi, kwa sababu tangu msiba hakuwa amemsikia akicheka hivyo.

Akamfundisha. Mikanda ilikuwa mikubwa kwa miguu yake, akaiongezea kamba ya mkonge. Alimwambia akunje magoti kama anayetaka kukaa kigodani halafu akaghairi. Anyooshe mikono kama mwewe. Asitazame miguu, atazame anakokwenda. Mwanzo alimshika kiunoni akakimbia pembeni yake. Kisha akamshika mkono mmoja. Kisha kidole. Diana alianguka, akaamka na majani mdomoni, akasema, "Tena." Alianguka, akasema, "Tena, baba." Wilson alipodai zamu yake, Diana aliukumbatia ubao akamwambia aende akatafute wazungu.

Walikula mkate wa Doris palepale kwenye nyasi, vipande vikubwa. Diana aliuliza kama kesho watakuja tena. Eliezeri alisema watakuja.

Kabla ya adhuhuri Doris alitokea kule chini barabarani na kifurushi cha nguo, akasimama penye bonde dogo ambapo mteremko unaishia. Akapunga mkono. Muda mfupi baadaye Land Rover iliyokuwa ikiwapeleka watu Same ilisikika ikija, ikinguruma kwenye kona.

Eliezeri alimsimamisha Diana juu kabisa, mahali ambapo hawakuwa wamejaribu, akamfunga kamba na kuikaza.

"Unamwona shangazi? Nenda mpaka kwake."

"Na wewe unakuja?"

"Tangulia. Nakuja."

Akamwachia.

Diana alikunja magoti, akanyoosha mikono. Kila mara kabla ya hapo alikuwa ameanguka, na Eliezeri alitegemea ataanguka tena katikati, alie, Doris ampandie pale ambembeleze. Hakuanguka. Alipita kwenye nyasi zilizoloa kama maji yanavyopita kwenye jiwe, koti lake la mtumba limejaa upepo, moja kwa moja, mpaka bondeni, na ubao ukasimama wenyewe miguuni mwa Doris.

Akageuka kutazama juu.

Eliezeri alikuwa tayari amelala kifudifudi kwenye madege, yale majani yanayoota ukingoni mwa msitu, na Wilson kando yake. Hivyo ndivyo walivyokubaliana na Doris. Aliona kila kitu kupitia matawi.

"Baba!" Diana aliita. "Umeniona?"

Wilson alifungua mdomo. Baba yake akaufunika kwa kiganja.

"Baba, nimefika! Umeniona?"

Doris alikuwa akimfungua kamba. Gari lilisimama. Diana aliita tena, safari hii bila furaha, akiuliza tu yuko wapi. Doris alimwambia kitu, labda kwamba baba atawakuta njiani, akamnyanyua. Mlango ulifungwa. Kona ya kwanza, ya pili, kisha mngurumo ukabaki peke yake. Eliezeri alipoondoa mkono wake mdomoni mwa Wilson, kulikuwa na alama za meno.

Mama aliniambia kwamba baada ya siku hiyo Wilson hakuzungumza na baba yake mpaka mahindi yalipovunwa. Ubao ulitumika kwa kitambo kuwa mlango wa banda la mbuzi, kama mchungaji alivyotabiri. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha. Eliezeri akashuka Same akafungua karakana, na kila alipotaka kwenda Tabora kulikuwa na jambo: ada ya Wilson, mbao zilizochelewa, homa. Mara moja alikwenda. Diana alikuwa ameanza shule, amenenepa, anang'aa. Alipomwona mlangoni aliingia chumbani akajifungia, hakutoka mpaka baba yake alipoondoka. Doris alimwambia amsamehe, mtoto ni mtoto.

Bibi Eliwaza alipofariki, Diana alikuja kumzika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye lafudhi ya Tabora. Mimi nilikuwepo, tuliosha naye vyombo. Mjomba alitujia na ndoo tupu mkononi, akasimama.

"Shikamoo," alisema Diana. Hakuongeza neno baada ya hapo, si baba, si mjomba.

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Nilikuita."

"Nilisikia."

Diana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa kitu alichokuwa akikijua, akachukua sahani nyingine. Matanga yalipoisha alimpa mkono kama anavyopewa mgeni, akamshukuru kwa kumpokea. Sasa ameolewa hukohuko. Kadi ya harusi iliandikwa jina la mume wa Doris mahali pa baba, na Mjomba alikwenda akakaa na wageni wa kutoka Same.

Alipomaliza kunisimulia, alikuwa amefika kwenye ubavu wa mwisho wa kitanda. Mimi si mtu wa kuuliza, lakini hili nilikuwa nimekaa nalo tangu siku ile ya vyombo.

"Mjomba, kwa nini hukushuka ukamuaga?"

Alipuliza vumbi kwenye mbao, akapitisha kidole.

"Ningeshuka ningerudi naye nyumbani," alisema. "Na nyumbani hapakuwa na chakula."