Nyumba ya Mwisho Ndiyo Inayofunga Maji

Kumi na nane. Kumi na tisa. Mama Koki anahesabu kwa sauti, mikono miwili juu ya spana ndefu ya kuzungushia koki, miguu imepanuliwa juu ya shimo la zege katikati ya barabara. Mzunguko wa ishirini, anasimama. Chini yake bomba linaguna, na maji yanaanza kuupanda mtaa wa juu.

Ni saa moja asubuhi, lakini saa hana habari nayo.

"Zamani saa ndiyo ilikuwa bosi wangu," anasema, akijipangusa jasho. "Sasa bosi ni yule mjane wa nyumba ya mwisho kule juu. Akisema ndoo zimejaa, nafunga. Hajasema, sifungi hata aje mkurugenzi."

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili amekuwa akifungua na kufunga maji ya mji kwa miaka ishirini na mitatu. Jina lake halisi linajulikana kwenye orodha ya mishahara tu. Mshahara wenyewe, akishalipa kodi na ada ya kitinda mimba wake, unabaki wa kununua gunia moja la mchele.

Utaratibu alioukuta kazini ulikuwa wa haki, kwenye karatasi. Kila mtaa saa mbili, bila upendeleo. Uliandikwa mji ukiwa na mabomba arobaini. Leo yamepita mia nne, mvua zimekuwa za kubahatisha, na karatasi ni ileile. Wa bondeni walijaza matangi wakaosha na magari. Wa juu, saa zao ziliisha maji yakiwa bado njiani.

Walilalamika miaka nenda miaka rudi, na ofisi ikawaonyesha karatasi. Mama Koki hamung'unyi maneno: naye alikuwa akiwacheka, akidhani ni wavivu wa kuamka.

Kisha bintiye akaolewa huko juu, akajifungua, na mama akaenda kumsaidia. Siku ya zamu alisimama na ndoo mbele ya bomba linalokohoa upepo. Saa mbili zilipotimia, mwenzake wa kazi akafunga koki kule chini, barabara kama alivyofundishwa.

"Nililia, sikufichi. Mwalimu wake ni mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa nawanyima watu kwa mikono yangu, na daftari la kazini linanisifu."

Akaitisha kikao cha mitaa miwili, wa bondeni na wa juu. Alipendekeza zamu ihesabiwe maji yakishafika nyumba ya mwisho, na nyumba hiyo ndiyo itoe ruhusa ya kufunga. Wa bondeni wakafoka. Akawauliza ni lini wao walilala na ndoo tupu, wakaishia kukubali. Ofisi ilimwandikia barua mbili za onyo. Hakurudi nyuma, na malalamiko yalipokauka, ofisi nayo ikanyamaza.

Mwaka huu zimekuja koki zinazojifungua zenyewe kwa amri ya kompyuta. Zimekuja na ratiba ileile ya zamani: kila mtaa saa mbili.

"Mashine ni mtumishi kama mimi," anasema. "Tofauti yetu, ukiifundisha vibaya itakosea bila kuchoka."

Siku ya majaribio hakugombana na mtu. Alimwomba mhandisi mkuu, baba mtu mzima, wapande naye mpaka kwa mjane, akampa ndoo aishike. Saa mbili zikatimia, koki ikajifunga. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji ya kulowesha kidole.

Mhandisi alichovya kidole. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa mama, kipimo cha kuiarifu mashine kwamba maji yamefika, tukifunge wapi?"

Mama Koki akamwonyesha ukuta wa mjane. Ndipo kilipo leo, na mashine haifungi mpaka ukuta ule useme; umeme ukikatika, kama asubuhi ya leo, spana hurudi kazini na mjane ndiye husema.

Imebaki mitaa kumi na mmoja isiyo na kipimo, na yeye anastaafu mwakani. Kila jioni baada ya kazi huufuata mtaa mmoja kwa miguu, bomba kwa bomba, akiitafuta nyumba ya mwisho ya mtaa huo. Ameshapata sita. Wahandisi wanaisubiri orodha hiyo, maana haipo kwenye faili lolote.

"Ofisi nzima ile, hakuna anayejua maji yanaishia kwa nani," anasema, kifua mbele. "Najua mimi. Na sitoki kazini mpaka wajue wote."