Vita Juu ya Kibao cha Idah

Idah wa Gatongora alianza kwa kuchoma mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu, kando ya barabara, akipigana na moshi na askari wa kaunti, mpaka akafungua bucha yake mwenyewe. Mutura hiyo ndiyo iliyomsomesha Njau, mwanawe wa pekee. Njau naye, badala ya kurithi kisu, alienda uwanjani Thika siku ya kusajili makuruta, akakimbia hadi akachukuliwa jeshini. Idah alilia siku hiyo, kisha akawapa wateja wote supu ya bure. Ndivyo alivyo.

Sisi wateja wake tuna maneno mengi. Kinara wetu ni Erastus, Baba Wangechi, fundi wa mabomba ambaye hajawahi kushika hata manati, lakini muulize habari za vita uone.

Basi kambi ya wanajeshi wetu ng'ambo ya mpaka ikavamiwa alfajiri, watu wakiwa usingizini. Njau alikuwa katika kambi hiyo. Kwenye runinga ya bucha serikali ilisema inapanga kulipiza kisasi kikali. Majina ya waliokufa ilikuwa haijayatoa. Simu ya Njau haikuingia. Idah hakufunga bucha. Alikata nyama huku simu ameiegemeza kwenye mizani.

Nasi tukaanza kupanga kisasi chetu. Nyama ya mbuzi ilipoletwa, Erastus alivuta kibao cha kukatia. Kachumbari ikawa adui, chumvi ikawa mpaka, vipande vya nyama vikawa vijana wetu.

"Hawa wanapitia hapa," akasema, akivisukuma. "Hawa wanatokea nyuma. Hapa katikati tutapoteza wachache, lakini ni lazima."

Akawachovya hao wachache kwenye chumvi, akawala.

"Baba Wangechi," Idah aliita kutoka kaunta, kwa upole wa kutisha. "Huyo umekula ni wa nani?"

Erastus aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa na kipande mkononi, nilikirudisha taratibu.

"Pole, Mama Njau. Sikufikiria."

"Si mkule tu, inapoa," akasema Idah, akaigeukia simu tena.

Hakuna aliyegusa nyama tena, wala hakuna aliyeondoka. Erastus alinawa mikono, akachukua aproni ya Idah, akamvutia kiti karibu na simu. Akaanza kuwahudumia wateja yeye mwenyewe, akikata vibaya sana, mifupa ikirukia watu. Idah alijaribu kutocheka, akashindwa.

Jioni ikaingia simu ya nambari ngeni.

"Mathe, ni mimi. Simu yangu iliungua. Niko na bandeji mkononi tu, niko fiti."

"Njau! Ngai wakwa! Mungu wangu!"

Tulipiga kelele bucha nzima, na tulilia pia, sina haja ya kuficha.

Runinga bado ilionyesha ramani na mishale. Jamaa mmoja aliyeingia kununua matumbo akaitazama, akasema, "Tuwaingilie tu. Tukipoteza wachache, si mbaya."

Erastus akaweka kisu chini.

"Wachache wa nani?" akamuuliza.

Idah akainuka kwenye kiti, akamkatia Erastus kipande kikubwa cha mutura.

"Kula, Baba Wangechi," akasema. "Hiyo ni mutura tu."