Bumu ya Ayeeyo

Miaka ya tisini, kabla mtandao haujafika Garissa, sisi tulikuwa na taar. Hiyo ilikuwa redio ya kuitana kutoka mji hadi mji: sanduku la chuma, betri ya lori, waya mrefu juu ya mlingoti, na kipaza sauti chenye kitufe. Unabonyeza, unasema, unamaliza kwa "ofa", unaachia, kisha unasubiri Wajir ijibu. Taar yetu ilikuwa ya mjomba wangu, katika chumba kimoja mtaa wa Waberi. Siri haikuwako. Yeyote mwenye redio kama ile alikusikia ukimwomba mkweo msamaha, na kesho yake akakuuliza sokoni kama umesamehewa. Tulizoea.

Kisha serikali nayo ikataka kusikiliza, na hilo lisingekuwa neno kama ingesikiliza tu. Ilikuja barua kutoka ofisi ya usalama: taar sasa ni kwa Kiswahili pekee, Kisomali marufuku, na karani atakaa chumbani kutwa nzima. Pamoja nayo ikaja karatasi ya kubandika ukutani, imejaa maneno yaliyokatazwa. Bunduki. Risasi. Jeshi. Bomu. Hata "mpaka" lilikuwamo, kwa sababu ya mpaka wa Somalia, kwa hiyo hukuruhusiwa kumwambia mtu akusubiri mpaka kesho. Likitajwa neno lolote la ukutani, mtambo unazimwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, na likizo nilimsaidia mjomba. Ungedhani amri ile ingenifurahisha. Iliniudhi. Wateja wetu walikuwa wafugaji wa Kotile na akina mama wa mtaani ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni: kilo, ghali, punguza. Sasa waliambiwa wakitumie kumjulisha ndugu msiba. Nilimwona mzee mmoja akimwita mkewe, akalitafuta neno la kumwambia amemkumbuka, akalikosa. "Mbuzi iko salama, ofa," akasema, akatoka bila kunitazama. Siku ile roho iliniuma kweli.

Asubuhi moja aliyekuja hewani kutoka Wajir alikuwa mama yake mjomba, bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa lugha yetu huitwa ayeeyo. Alikuwa na pumu ya miaka mingi. Lakini Kisomali hakina herufi p, na wengi wetu tukiikuta kwenye Kiswahili huigeuza b, hasa wazee.

"Assalamu alaikum," alisema, na nilisikia kifua chake kikikoroma. "Mimi iko mgonjwa. Bumu imenishika sana. Ile ya kubuliza imekwisha. Tuma haraka, ofa."

Karani alikuwa bwana mpole, aliyeletwa kutoka bara mwezi huohuo. Upole ulimtoka mara moja. Alininyang'anya kipaza sauti, akabonyeza, akafoka, "Nani ana bomu huko? Bomu ya kupuliza ni ipi?" Kabla Wajir haijajibu, akang'oa waya wa betri.

"Ni pumu!" nikapiga kelele. "Ugonjwa wa kifua!"

Akanionyesha ukuta kwa kidole.

Taar ikafungwa. Nilikimbia kwenye duka la dawa, nikanunua ile ya kupuliza, nikampa dereva wa lori aliyekuwa akiondoka na msafara wa Wajir. Kama ilifika, na kama ilimkuta hai, hatukuwa na njia ya kujua. Chombo cha kuulizia kilikuwa hicho kilichofungwa.

Siku ya nne mimi na mjomba tuliitwa ofisini. Afisa wa usalama alikuwa nyuma ya meza, karani pembeni na daftari lake.

"Bomu iko wapi, mzee?"

"Hakuna bomu, bwana!" mjomba akasema. "Ni bumu! Bumu ya mama yangu! Iko ndani ya kifua!"

Karani akaandika. Kila mjomba alipoeleza, alizidi kutuzamisha. Nikaingilia.

"Bwana afisa, mwambie aseme papai."

"Babai," mjomba akasema.

"Pilipili," nikaongeza.

"Bilibili. Kwani mimi ni mtoto wa shule, abti?" Mjomba na mpwa kwetu huitana neno hilo hilo moja.

Afisa hakucheka. "Sheria ni sheria, mwarimu. Reseni yenu nimeifunga."

Nyani haoni kundule. Hasira zangu zilinitangulia. "Umesema reseni, bwana afisa. Nikifuata neno lako lilivyotoka, leseni yetu hujaigusa."

Mjomba alifumba macho, na mimi nikajua nimetuponza. Basi nikamalizia, maana aliyekwisha kulowa haogopi mvua. "Kwa Kisomali bibi yangu angesema neef, pumzi. Neno hilo halimo katika orodha yako. Mmemnyima lugha anayoijua, mkamhukumu kwa ile asiyoijua. Na mpaka sasa hatujui kama anapumua."

Niliposikia nimesema "mpaka", nikaziba mdomo. Karani aliinama juu ya daftari, mabega yakimtikisika, na hakuandika kitu.

Afisa akamtazama karani, kisha akanigeukia. "Fungueni," akasema. "Kila mtu aseme lugha yake. Mwarimu..." Alisita, akajaribu tena polepole. "Mwa-li-mu atamtafsiria karani."

Karatasi ilibaki ukutani na karani alibaki kitini. Serikali ilikuwa imelegeza kidole kimoja tu. Lakini nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja maishani, na hadi leo, kila nikisikia kuwa mahali fulani mtandao umezimwa na maneno ya watu yanachujwa, huikumbuka, nikaamini kwamba hata huko atatokea wa kubishana.

Karani mwenyewe alirudisha waya wa betri. Tuliita Wajir. Tukaita tena. Mjomba alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Kisha sauti ya ayeeyo ikaingia, na kifua chake kilikuwa shwari.

"Ayeeyo," nikamwambia kwa Kisomali, huku nikilia, "sasa una ruhusa. Sema kwa lugha yako."

Akajibu kwa Kiswahili, kwa makusudi, neno moja moja.

"Dawa imefika. Mwambie yule bwana anasikiliza: mimi bado sijalibuka. Ofa."