Alama tatu nilizokataa kuzirefusha

Leo nimemwambia shefu wangu apana, mbele ya ofisi nzima.

Wenzangu wa chuo, nawaandikia haraka toka cyber, duka la intaneti la mtaa wa Rohero.

Lori la dawa za malaria lilikuwa linangoja wastani wa wagonjwa wa kila kambi, tujue dawa za kupakia, liondoke kabla barabara haijafungwa.

Nikaandika programu ya alama tatu, kwa lugha ya kompyuta ambayo alama moja ni amri nzima: jumlisha, gawanya, idadi. Nimeziunganisha tu, bila kuitaja data kwa jina. Ukiipa orodha yoyote, inatoa wastani.

Shefu akacheka.
"Hii ni programu? Data iko wapi humu? Mutu mwenye diploma anaandika kurasa! Andika upya."

"Apana, shefu. Lori halitangoja kurasa."

 

Shefu akachukua kalamu, akapiga hesabu ya kambi moja mwenyewe. Halafu ya pili.
Majibu yaleyale ya programu yangu.

"Lakini mi siwezi kuisoma," akasema, sasa polepole.

"Nitakufundisha. Kuirefusha, apana."

Saa tano lori likaondoka. Shefu alikuwa bado kwenye kiti changu, ananiuliza ile alama ya katikati inafanya nini.

Kesho anaweza kunifukuza. Sitairefusha.

Nyinyi mungekubali kuirefusha? Semeni ukweli.